Nishikie Ngazi

Karakana ile ilikuwa ikitengeneza ngazi na si kitu kingine. Ukitaka kitanda, ulionyeshwa mlango. Ukitaka kabati, uliambiwa barabara ya pili, mkono wa kulia, na ukizidi kubembeleza ulikutana na Bi Patasi, ambaye hakuwa na simile. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ulimi wake, ingawa yeye mwenyewe alidai ni kwa sababu ya mkono wake, maana hakuna aliyechimba tundu la kipandio kwa patasi likanyooka kama lake. Yote mawili yalikuwa kweli. Alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti yaliyoanza kulalamika, na cheo cha fundi mkuu alichokipata kwa jasho na kwa kugombana.

Kugombana pale hakukuwa aibu. Kulikuwa sehemu ya kazi, na afadhali nieleze kwa nini kabla sijaenda mbali.

Mzee aliyeianzisha karakana alikuwa ameweka kanuni mbili. Ya kwanza: ngazi ikikamilika hulazwa ghalani wiki mbili, kisha aliyeitengeneza huipanda yeye kwanza, mfuko wa mchanga wa kilo ishirini begani, kipandio kwa kipandio mpaka cha kumi na mbili. Ya pili ndiyo iliyowachekesha wageni. Anayekushikia mguu wa ngazi ni yule mtu uliyegombana naye mara ya mwisho. Si rafiki yako, si shoga yako. Ni yule mliyerushiana maneno.

Ukimuuliza Mzee sababu, hakukuhutubia. "Rafiki atakushikia ngazi kwa mkono mmoja huku anakusimulia habari za mpira," alikuwa akisema. "Mtu mliyekosana atashika kwa mikono miwili, maana anajua ukianguka watu wote watamwangalia yeye." Kisha alirudi kwenye msumeno wake.

Kwa miaka ishirini na sita Bi Patasi alipanda ngazi zake, na mara nyingi aliyeshika chini alikuwa Msasa. Huyu alikuwa fundi wa kulainisha mbao, mwanamume mkavu, mkubwa kwake kwa miaka mitatu, mwenye maneno yanayokwaruza hata anapokusalimia. Waligombana juu ya redio, juu ya dirisha, juu ya nani kaacha kopo la gundi wazi. Waligombana Alhamisi, wakashikiana ngazi Ijumaa, na ikifika Jumamosi hakuna aliyekumbuka kisa. Ni kazi ngumu kuendelea kumnunia mtu ambaye jana ulimkabidhi shingo yako, akakurudishia ikiwa nzima.

Mzee alipofariki, karakana ilimwangukia binti yake wa pekee. Binti alikuwa daktari wa meno na hakujua randa wala patasi, kwa hiyo akamkabidhi mumewe aiendeshe. Mbele yake mafundi walimwita bosi. Nyuma yake walimwita Mkwe, na hilo ndilo jina lililomkaa.

Mkwe hakuwa mtu mbaya, niseme mapema. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, sauti ya upole, na viatu vya ngozi ambavyo kila jioni alivifuta vumbi la mbao kwa kitambaa chake mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa haraka. Alipoona mafundi wazima wanapanda na kushuka ngazi na mifuko ya mchanga, wengine wakisubiri zamu kwa vicheko, aliona nusu siku ya kazi inapotea kila wiki. Akaipiga marufuku. Badala yake akaleta muhuri wa mpira ulioandikwa IMEKAGULIWA, na chini yake namba moja, kwa kuwa mkaguzi namba moja alikuwa Bi Patasi. Alimkabidhi mbele ya watu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo uzoefu wake wote ungekaa kwenye wino.

Tena, ili kazi iende mbio, akaacha kuchonga vipandio pale pale. Alivinunua vikiwa tayari kutoka kiwanda cha mbao. Siku vilipofika, Bi Patasi alishika kimoja na kukipima mkononi. Kilikuwa kizito kupita umbo lake, na kilimpa ubaridi kiganjani. Mbao mbichi. Alimwambia Mkwe kwamba vipandio vibichi ukivigongea kwenye nguzo kavu vitakaa vizuri leo, lakini baada ya wiki tatu vitanywea na kuanza kucheza ndani ya matundu yake. Mkwe alimjibu kwa adabu zote kwamba kiwanda kimetoa karatasi inayosema ni mbao kavu.

Hapo ndipo Bi Patasi alipokosea, na mimi simtetei. Alinyamaza. Alikuwa amechoka kwa msiba wa Mzee, magoti yalimuuma, na ukweli wenyewe ni kwamba aliona raha kutopanda. Ngazi ishirini za kwanza zilipotoka alizipanga ukutani, akazipitia moja moja na muhuri wake, akiwa amesimama chini, viatu vyake havijaacha sakafu. Alimaliza kabla chai haijapoa.

Karakana nayo ikaanza kubadilika. Mafundi wawili wa rangi walikosana juu ya brashi na kuanza kula mbalimbali, kila mmoja na kona yake. Bi Patasi na Msasa walizozana kuhusu kiti kifupi cha kukalia, jambo la dakika mbili tu, lakini safari hii hapakuwa na ngazi ya kushikiana. Zikapita siku tisa hawajasemeshana. Siku ya kumi alijikuta akimkumbuka mtu anayefanya kazi hatua nne kutoka kwake.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, alipoingia fundi umeme mmoja kijana, mkono wake wa kulia umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameivuta ngazi tangu getini, ncha yake ikichora mstari kwenye vumbi. Hakusalimia mtu. Aliilaza kwenye meza ya Bi Patasi, akatoa mfukoni kipandio kimoja, akakichomeka kwenye tundu lake, akakizungusha. Kilizunguka kama kijiko kwenye kikombe. Hakikuwa kimevunjika wala kupasuka. Kilikuwa kimenywea, basi.

"Huu muhuri ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu," alisema Bi Patasi.

"Uliipanda?"

Bi Patasi alitazama ile namba moja, wino wake haujafifia hata kidogo. Alikuwa na majibu mengi karibu: bosi, karatasi ya kiwanda, magoti. Hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Sikuipanda."

Kijana alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilinunua hapa kwa sababu niliambiwa ninyi mnapanda kwanza," alisema. Akageuka, akaondoka, ngazi akaiacha pale pale mezani. Hakudai kitu, hakutukana. Bi Patasi angependa atukanwe, maana matusi angeyajibu.

Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Na nyuma ya aibu, hasira. Kwanza alijikasirikia mwenyewe, akaimaliza hiyo kwanza kama mtu anayekunywa dawa chungu, ndipo akachukua kile kipandio na kwenda ofisini.

Mkwe alikisikiliza kisa chote akiwa amekunja uso kwa huruma ya kweli. Alisema kijana apelekewe ngazi nyingine. Alisema watu huanguka kwenye ngazi kila siku, hata zilizo nzima. Kisha akaelekeza kidole dirishani, ambako ngazi themanini zilikuwa zimeegeshwa ghalani chini ya bati la moto kwa wiki tatu, zote zikiwa na vipandio vya kiwanda kile kile. Kesho yake asubuhi lori lilikuwa linakuja kuzichukua. Mteja alikuwa kampuni ya wapaka rangi wa majengo marefu, na mteja wa namna hiyo karakana haijawahi kumpata tangu ianze. Kilichobaki kilikuwa muhuri.

Bi Patasi aliomba apewe siku tatu zipandwe zote. Mkwe alikataa. Aliomba siku moja. Mkwe alikataa hiyo pia, na sasa upole ulikuwa unamwishia.

"Mama, ni muhuri tu," alisema.

"Kama ni muhuri tu, upige wewe."

Akautoa kwenye mfuko wa aproni, akauweka mezani katikati yao. Mkwe aliutazama, kisha akauvuta upande wake.

"Sawa. Nitaupiga mimi. Na kuanzia kesho fundi mkuu atakuwa Msasa. Ukitaka kuja kama fundi wa kawaida, karibu. Ukitaka kuja kuwaambia watu kwamba ngazi zangu ni mbovu, usije kabisa."

"Cheo chukua," alisema Bi Patasi. "Lakini hiyo namba moja ni mimi. Ukiipiga, unanitia mimi kwenye uongo wako, na hilo, bosi, sitakuachia. Kwanza nimejitia mwenyewe mara ishirini, sina nafasi ya uongo wa mtu mwingine."

Aliondoka bila kufunga mlango. Alipokuwa anavua aproni alisikia kule ghalani muhuri ukianza kugonga mbao, moja baada ya nyingine, haraka haraka.

Nyumbani mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito mitatu, akimenya viazi. Aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini mpaka mgongo ukakataa, na sasa nyumba nzima iliegemea mshahara wa mkewe, pamoja na binti yao wa mwisho aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Wote wawili walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisu kikiwa kimesimama juu ya kiazi.

"Kwa hiyo umemwaga unga," alisema.

"Bado. Labda kesho."

"Kesho unakwenda kufanya nini, na wewe umeshavuliwa cheo?"

"Kupanda ngazi."

Mumewe akarudi kwenye kiazi chake. Akamenya, akakitumbukiza majini, akachukua kingine. "Nani atakushikia?"

"Niliyegombana naye mwisho."

"Mwisho umegombana na mimi. Asubuhi, ile habari ya ndoo."

"Ile haihesabiwi," alisema Bi Patasi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Lakini mumewe hakucheka. Aliweka kisu chini, akamwambia avute kiti, anyooshe miguu. Akachukua ile dawa ya kuchua aliyokuwa akipakwa yeye mgongoni kila jioni, akamchua magoti yote mawili, polepole, bila kumwambia aache wala aendelee. Bi Patasi aliogopa sana jioni ile, na hakumficha.

Lori lilikuwepo alipofika. Ngazi zilikuwa zimeshapakiwa nusu. Mkuu wa wapaka rangi, mwanamke mrefu mwenye matone ya rangi nyeupe kwenye kucha, alikuwa amesimama na karatasi za kupokelea mzigo, akizungumza na Mkwe. Mafundi walikuwa wanabeba kimya kimya. Msasa alipomwona Bi Patasi getini alisimama na ngazi begani, akawa hajui aiweke au aendelee nayo.

Bi Patasi alipita mpaka kwenye kona ya mifuko ya mchanga, akachagua mmoja, akaukung'uta vumbi la miezi. Akaupandisha begani. Kisha akaenda moja kwa moja kwa yule mwanamke, akamsalimia, akamwambia yeye ndiye namba moja iliyopigwa kwenye kila ngazi ndani ya lori lile.

"Hapa tuna desturi," alisema. "Ngazi haiondoki haijapandwa. Hizi zimepigwa muhuri wangu na sijazipanda. Naomba nipande moja tu mbele yako, ndipo usaini."

Mkwe alikuja mbio, ametabasamu kwa mdomo tu. Alisema mama ni mfanyakazi wa zamani, ana mambo yake, kazi imeshakaguliwa. Mkuu wa wapaka rangi alizitazama zile karatasi mkononi, akamtazama Mkwe, akamtazama yule mama mwenye mfuko begani.

"Ngazi moja si muda mrefu," alisema.

"Achague bosi mwenyewe," alisema Bi Patasi, "kusudi pasiwe na mtu wa kusema nimetafuta iliyo mbovu."

Mkwe hakuwa na njia. Akaenda kwenye lori, akapitisha mkono juu ya ngazi tatu nne, akachagua moja iliyonyooka na kung'aa kuliko zote. Kusema haki, aliamini ni nzima. Waliiegesha kwenye boriti ya chuma iliyovuka uwanja, pale pale zilipokuwa zikiegeshwa siku zote, ambapo sakafu ilikuwa na vishimo viwili vilivyochimbwa na miguu ya ngazi za miaka yote ile.

Msasa aliweka mzigo wake chini, akaja akifuta mikono kwenye suruali. "Dada, nikushikie," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile ya kiti.

Bi Patasi alitamani kukubali, tena sana. Lakini alitikisa kichwa. "Mimi na wewe tuna deni la kiti, tutalimaliza baadaye. Niliyegombana naye mwisho si wewe." Akageuka. "Bosi. Nishikie ngazi."

Uwanja mzima ulimtazama Mkwe. Angeweza kukataa, lakini kukataa kungesema mengi kuliko kukubali, na mteja alikuwa hapo hapo. Akavua koti, akampa dereva wa lori. Akashika nguzo mbili za ngazi kwa vidole, kama mtu anayeshika sufuria yenye masizi.

"Kwa mikono yote," alisema Bi Patasi. "Na mguu uweke hapo chini. Mimi ni mzito."

Akapanda cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu alikisikia kipandio kikigeuka kidogo chini ya soli, ule mgeuko mdogo ambao mtu asiye fundi angesema ni kiatu chake. Akaendelea. Cha nne kililia. Cha tano kiligeuka waziwazi, na mchanga ukamvuta upande mmoja, akasimama mpaka mwili ukatulia.

Kule chini Mkwe alikuwa ameacha kushika kwa vidole. Hakuwahi kushika ngazi yenye mtu juu yake, na hakujua kwamba mbao husema. Kila kipandio kilipocheza, mtikisiko ulishuka kwenye nguzo na kumwingia viganjani, wazi kama mtu anayebisha hodi. Alikuwa ameikumbatia sasa, kifua na shati, viatu vya ngozi vimezama kwenye vumbi. Alipoinua macho aliona nyayo za mwanamke mwenye umri wa mama yake zikitetemeka juu ya kitu alichokinunua yeye.

"Shuka," alisema kwa sauti ya chini. "Mama, shuka, tutaongea ofisini."

"Ofisini tumeshaongea." Akapanda cha sita.

"Nakuomba ushuke."

"Kwa nini?" Bi Patasi hakutazama chini. Alitazama boriti, kwa kuwa macho yakishuka na magoti hushuka. "Ngazi hii umeipiga muhuri jana. Imekaguliwa. Kama ni nzima, mbona unaniambia nishuke?"

Akapanda cha saba. Hicho kilizunguka. Mguu uliteleza, mfuko ukamtoka begani na kuanguka kwa kishindo hatua moja kutoka kwa Mkwe, mchanga ukamrukia mpaka usoni. Bi Patasi alibaki ameng'ang'ania nguzo kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani. Msasa alipiga hatua mbele, akajizuia. Aliyetakiwa kushika alikuwa ameshika. Mkwe hakuruka pembeni, hilo wote waliliona. Mchanga ulimjaa machoni na hakuachia hata mkono mmoja wa kujifuta.

Bi Patasi alitafuta kipandio kwa mguu, akakipata, akasimama. Kisha, na mpaka leo mafundi wale hulisimulia jambo hili wakitikisa vichwa, akainua mguu mwingine kuelekea cha nane.

"Si nzima," alisema Mkwe. Akarudia kwa nguvu, na uwanja mzima ukasikia. "Ngazi si nzima. Zote si nzima. Mbao zilikuwa mbichi, uliniambia, sikukusikiliza. Shuka, tafadhali."

Ndipo akashuka. Alichukua muda wake, kipandio kwa kipandio, na alipofika chini aliegemea ngazi ile ile. Walitazamana yeye na Mkwe, karibu kabisa, mmoja ana jasho, mwingine ana mchanga kwenye nyusi.

"Umeshika vizuri," alimwambia. Hakusema zaidi, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa kweli.

Mkuu wa wapaka rangi alikunja karatasi zake. Alisema watu wake wanafanya kazi ghorofa ya tano na ya sita, na kwamba angesubiri. Aliuliza ni wiki ngapi. Mkwe akamgeukia Bi Patasi. Wiki sita, alisema Bi Patasi, vipandio vipya, mbao zilizokauka, na njoo mwenyewe uone zikipandwa. Msasa alikuwa ameshapanda kwenye lori kuanza kushusha, ananung'unika kwamba kuna watu wanavuliwa vyeo na bado wanampangia kazi. Wale mafundi wawili wa rangi waliokuwa wanakula mbalimbali walijikuta wameshika ngazi moja, mmoja mbele mmoja nyuma, na hawakuwa na jinsi ila kuambiana kushoto na kulia.

Mchana Mkwe alimwita ofisini. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa mchanga. Alimwambia kwamba amemdhalilisha mbele ya mteja, na Bi Patasi alikubali kwamba ndiyo, amemdhalilisha, na kwamba angerudia.

"Ungeanguka je?" aliuliza Mkwe.

"Ulikuwa umeshika."

"Ulijuaje nitashika? Jana nimekuvua cheo, mama."

"Ndiyo maana," alisema Bi Patasi.

Mkwe akafungua droo, akautoa muhuri, akamsogezea. Bi Patasi aliurudisha kwa kidole kimoja. Alisema muhuri abaki nao Mkwe, auchongee namba yake mwenyewe, aupige atakavyo, ila baada ya kupanda. Siku ya kupanda ilikuwa Ijumaa kama zamani. Ngazi mpya za kwanza zilipomaliza wiki mbili ghalani, Ijumaa yake Mkwe alikuja na viatu vya mpira, akapanda moja, miguu ikimcheza kama ndama. Aliyemshikia alikuwa Msasa, kwa kuwa asubuhi ile walikuwa wamezozana kuhusu redio.

Nilitaka kuishia hapo. Bi Patasi hakuishia hapo.

Alitengeneza ngazi moja kwa mikono yake, kuanzia nguzo mpaka kipandio cha mwisho, kwa mbao alizojua kwa kuzigonga kwamba zimekauka. Hakumruhusu mtu aiguse, hata Msasa aliyetaka kuilainisha. Akailaza wiki mbili. Hakuipanda pale karakanani. Siku ya kumi na tano waliibeba yeye na Msasa, mmoja kila ncha, mfuko wa mchanga juu yake, wakibishana njia nzima nani anakwenda haraka, mpaka kwenye chumba kidogo kando ya barabara, chenye waya zilizoviringishwa mlangoni. Fundi umeme alikuwa amekaa nje. Plasta ilikuwa bado mkononi, imechafuka sasa, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba.

Bi Patasi aliiegesha ngazi ukutani. Alisema hakuja kuileta tu. Alikuja kuipanda, na kwao anayeshika ni mtu mliyekosana, na kati yao wawili aliyekosa ni yeye.

Kijana aliutazama mkono wake uliofungwa. "Mimi nina mkono mmoja," alisema.

"Najua. Ni mimi niliyekuachia mmoja. Nishikie na huo, mwanangu."

Magari yalipita nyuma yao. Msasa alikuwa anatazama waya. Hatimaye kijana aliinuka. Akaweka mguu wake chini ya ngazi, akashika nguzo kwa mkono wa kushoto, akaegemeza bega zima, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Bi Patasi alipandisha mfuko wa mchanga begani na kuanza kupanda. Hakuna kipandio kilichocheza. Alipofika cha kumi na mbili alisimama, akapumua, akahamishia mfuko bega la pili, na alipotazama chini alimwona kijana amefumba macho, paji la uso limegusana na mbao. Akashuka taratibu, na mkono ule haukuachia ngazi mpaka miguu yake yote miwili ilipogusa chini.